Urujuanimno si zambarau iliyokolea

Nimeisikia tena wiki hii, safari hii watu wakizungumzia bahari: "Mwani hujikinga na mionzi ya zambarau kwa kubadilisha rangi." Sentensi moja, makosa mawili, na yote mawili chanzo chake ni jina.

Urujuanimno ni nuru yenye mawimbi mafupi mno kuonekana kwa macho yetu, chini ya nanomita 400 hivi. Maana ndiyo hiyo.

Sasa jina. Urujuani tumeupata kwa Waarabu, urjuwan, na Waajemi wana arghavan, mti wa maua ya rangi hiyohiyo. Mtaani tunasema zambarau, kwa ajili ya tunda. Ndiyo rangi ya mwisho kwenye upinde wa mvua. Mwaka 1801 Mjerumani Johann Wilhelm Ritter alipitisha nuru ya jua kwenye mche wa kioo ikachanuka rangi zake, akatandika karatasi yenye kloridi ya fedha, chumvi inayogeuka nyeusi ikipigwa na nuru. Karatasi ilipiga weusi upesi zaidi ng'ambo ya urujuani, mahali ambapo jicho halikuona kitu. Neno la Kilatini lililokuja kupachikwa baadaye, ultra, lina maana hiyohiyo ya ng'ambo. Sisi tukaweka "mno", na mno kwetu ni kuzidi: tamu mno, kali mno. Ndiyo maana mtu akisikia urujuanimno anawaza zambarau iliyokolea, na wala simlaumu. Hata taa ya kukagua noti kwa wakala wa pesa inamchanganya. Ule mwanga wa zambarau anaouona ni nuru ya kawaida inayotoka pamoja na urujuanimno. Urujuanimno wenyewe hauonekani, ila ndio unaofanya nyuzi za noti zing'ae.

Turudi baharini. Mwani ninaouzungumzia si ule akina mama wa Zanzibar wanaoufunga kwenye kamba. Ni wa hadubini, seli mojamoja zinazoelea, na karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia, yaani kujitengenezea chakula kwa nuru, hufanywa na viumbe wa aina hii. Kwa kuwa chakula chake ni nuru, hauwezi kukimbilia kilindini ukakaa huko. Jua lazima ulipokee, pamoja na madhara yake.

Aina nyingi hutengeneza maikosporini, molekuli ndogo zenye uhusiano na asidi amino, zinazonyonya mawimbi ya nanomita 310 hadi 360 na kuyamaliza kama joto dogo lisilodhuru. Molekuli hizi hazina rangi. Zingekuwa nayo vipi, ikiwa nuru zinayoinyonya sisi hatuioni? Zitoe kwenye seli uziyeyushe majini, glasi itaonekana kama ya maji ya kunywa. Ule ukahawia wa diatomu, aina mojawapo ya mwani huu, ambao wengi huunyooshea kidole, ni wa rangi iitwayo fukozanthini, na kazi ya fukozanthini ni kudaka nuru, iifikishe kwenye usanisinuru.

Na kinga hiyo huvuja. Urujuanimno ukipenya hadi kwenye DNA, maandishi ya urithi ya seli, herufi zake mbili jirani hugandana na seli hushindwa kuisoma sehemu hiyo. Hapo huingia kimeng'enya kiitwacho fotoliasi, kinachozibandua kwa kutumia nishati ya nuru ya buluu, nuru ya jua lilelile lililojeruhi. Protini za usanisinuru zilizoungua nazo hung'olewa na kuwekwa mpya, kutwa nzima. Madhara yakiyapita matengenezo, mavuno hushuka: mwaka 1990, chini ya tundu la ozoni, lile tabaka la angani linalochuja urujuanimno, watafiti walipima kando ya barafu ya Bahari ya Kusini, inayoizunguka Antaktika, wakakuta uzalishaji wa mwani huo umepungua kwa asilimia 6 hadi 12.

Kwa hiyo ile sentensi, kwa ruhusa ya aliyeisema, ningeiandika hivi: mwani wa hadubini hujikinga na nuru ya ng'ambo ya zambarau kwa kinga isiyo na rangi, na palipoumia hupatengeneza.