Mafunjo si nyasi, na kinamasi si ardhi iliyolala

Kata shina moja la mafunjo, mmea mrefu wa kinamasini, ulizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada. Halizunguki vizuri, kwa sababu lina pembe tatu. Ndani halina uwazi kama tete. Limejaa nyama nyeupe, nyepesi kama sifongo, na toka chini hadi juu hakuna kifundo hata kimoja. Anayeyaita "nyasi ndefu tu" amekosea ukoo: mafunjo ni ndugu wa ndago, ila hufikia mita 4 au 5. Sifongo ile ndiyo njia ya hewa inayoshuka hadi mizizini, kwenye tope lisilo na oksijeni, na ndiyo inayowezesha mizizi iliyosukana kuelea kama jamvi.

Wengine huyaweka kundi moja na gugumaji. Gugumaji ni mgeni kutoka Amerika Kusini, aliyeonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Mafunjo ni ya hapa Afrika tangu kale.

Dhana inayoniuma zaidi ni hii: "Fyekeni kinamasi, malaria itaisha." Mbu wa aina nyingine wapo kinamasini, sikatai. Lakini Anopheles gambiae, mwenezaji mkuu wa malaria kwetu, hupenda kutaga kwenye vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua: alama ya kwato, mtaro wa shamba, shimo la kufyatulia matofali. Chini ya mafunjo kuna kivuli na ubaridi. Utafiti wa Kabale, Uganda, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta joto liko juu zaidi kando ya vinamasi vilivyogeuzwa mashamba kuliko kando ya vile vya asili. Vipimo vya malaria navyo vilielekea kupanda, ingawa tofauti hiyo haikutosha kukata shauri. Kwa vyovyote vile, kufyeka hakukuleta nafuu iliyotarajiwa.

"Maji meusi yale hayana samaki." Kamongo ana mapafu, na kambare hupumua hewa ya juu, kwa hiyo wote wawili wanamudu humo. Ila kisa kinachonigusa ni cha furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa. Sangara alipoletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, aliwamaliza furu wa aina nyingi. Naye anahitaji oksijeni nyingi, hivyo hawezi kupenya ndani kabisa ya mafunjo. Katika Ziwa Nabugabo, Uganda, watafiti waliwakuta samaki wadogo wa asili wamejihifadhi humo humo, penye hewa haba. Ukiyafyeka mafunjo ya ukingoni, umemfungulia sangara mlango.

Wapo pia wanaoyasifu kupita kiasi: "Mwageni tu, mafunjo yatasafisha." Kinamasi cha Nakivubo, Kampala, hupokea majitaka ya jiji kabla hayajafika kwenye ghuba ambayo jiji hilo hilo linachota sehemu ya maji yake ya kunywa. Mizizi hunyonya naitrojeni na fosforasi, lakini maji lazima yatawanyike na kupita polepole katikati yake. Sehemu zikifyekwa kwa ajili ya magimbi na majengo, maji hukimbilia mferejini na kufika ziwani na uchafu wake. Mafunjo yenyewe yakifa na kuoza, sehemu ya yalichonyonya hurudi majini.

Je, basi yasikatwe kamwe? La, yakatwe, ila kwa utaratibu. Wasuka mikeka na vikapu wa Kisumu wanayategemea, na kule Dunga, kinamasi kilicho karibu na mji huo, ndege mwenye kifua chekundu na utosi wa njano, asiyeishi pengine ila mafunjoni, anayategemea vilevile. Shina lililokatwa huchipua upya kwa akiba iliyo chini, ndani ya shina linalotambaa. Kata kipande, kiache kipumzike karibu mwaka mzima, uhamie kingine. Kikikatwa tena na tena kabla hakijakomaa, akiba huisha, na yanayochipua huwa mafupi na membamba, hata msuka mikeka mwenyewe huyapita.