Neutrofili Haziguswi Hovyo: Njia ya Kuzitenga Inavyobadili Majibu ya Kipimo

Neutrofili ndizo nyingi kuliko seli nyeupe nyingine zote katika damu ya mtu mzima, na ndizo zenye hasira za karibu. Kazi yake ni kuwahi bakteria kabla hawajaenea, kwa hiyo huamshwa na jambo dogo. Maabara ina mengi ya kuziamsha: baridi, kasi ya sentrifuji (mashine ya kuzungusha mirija), plastiki, chumvi pungufu. Usipoangalia, utapima usumbufu wako mwenyewe ukidhani unapima ugonjwa.

Njia iliyozoeleka ya kuzitenga na damu hutumia Ficoll, kimiminika kizito chenye msongamano wa gramu 1.077 kwa mililita. Damu huchanganywa na bafa ya fosfeti (maji ya chumvi yanayodhibiti asidi) nusu kwa nusu, humiminwa polepole juu ya Ficoll, kisha huzungushwa kwa 400 g (mara 400 ya nguvu ya mvutano wa dunia) dakika 30 katika joto la chumba. Breki izimwe, la sivyo tabaka huvurugika. Limfosaiti na monosaiti, seli nyeupe za aina nyingine, hubaki juu kama utando mweupe. Neutrofili ni nzito zaidi, hivyo huzama pamoja na seli nyekundu.

Kuzitoa humo ndiko kwenye kazi. Dekstrani, aina ya sukari yenye minyororo mirefu, hufanya seli nyekundu zishikamane na kutuama. Zinazosalia hupasuliwa kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.2 kwa sekunde 30 hivi, halafu huongezwa ujazo uleule wa chumvi ya asilimia 1.6 ili kurudi 0.9. Ukichelewa, neutrofili nazo huvimba na kupasuka, na vimeng'enya vyake humwagikia zilizobaki. Hata zilizopona huenda zimekwisha kushtuka: protini ya CD62L hudondoka kutoka kwenye ngozi ya seli, na protini nyingine ya hapo, CD11b, huongezeka.

Kutoka barafuni hadi nyuzi 37 kwa ghafla nako hupandisha CD11b. Chagua joto moja na ulifuate. Mashine ya kutetemesha mirija iache. Geuza mrija kwa mkono. Endotoksini, sumu itokayo kwenye ukuta wa bakteria, ni adui asiyeonekana: kiasi kidogo mno ndani ya bafa huziweka seli tayari kwa vita na kurefusha uhai wake, kwa hiyo nunua vitendanishi vilivyopimwa kuwa havina sumu hiyo.

Njia nyingine ni sumaku ndogo zenye kingamwili, zinazonasa seli na kuzivuta; hufanya kazi haraka, lakini uliza kingamwili inashika nini. Ikishika neutrofili yenyewe, mguso huo unaweza kuwa ishara. Ni afadhali ishike seli nyingine zote, neutrofili zibaki hazijaguswa. Kwa kipimo cha uhai wa seli, usiridhike na usafi wa asilimia 95, maana monosaiti chache tu zilizobaki hutoa kemikali zinazorefusha maisha ya neutrofili.

EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande iliyo katika mrija wa kifuniko cha zambarau, hunyang'anya kalsiamu ambayo seli huihitaji ili kunata. Rudisha kalsiamu muda mfupi kabla ya kipimo. Ukiirudisha mapema, seli hugandamana.

Sampuli iliyolala usiku kucha ndani ya basi ina kasoro nyingine. Neutrofili zilizochakaa huwa nyepesi, hupanda kwenye utando wa limfosaiti na kudhoofisha majibu ya seli T, ambazo ni aina ya limfosaiti.

Kwa hiyo weka kando mikrolita 100 za damu nzima, upime CD62L na CD11b kabla ya kutenga chochote, kisha upime tena mwishoni. Tofauti kubwa ikionekana, usilaumu mgonjwa; anza na bafa, joto na saa.