Je, wajua? Darasa la Mbeya linaweza kufuatilia boya lililo katikati ya Bahari ya Hindi

Ukimwambia mtu wa Uyole, hapa Mbeya, kuna chombo kinazama mita 2000 baharini na mwanafunzi wa hapahapa anaweza kusoma vipimo vyake bure, atakwambia bahari ni mambo ya Dar na Tanga, sisi tuna viazi vyetu. Sasa hiyo mvua ya viazi inatoka wapi? Unyevu mwingi unaanzia baharini, ndo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wakiandaa utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili wanaangalia na joto la bahari, na mwishoni mwa 2019 upande wetu wa Bahari ya Hindi ulipopata joto kupita kawaida, Afrika Mashariki ilinyeshewa kwelikweli.

Vyombo vyenyewe ni maboya ya Argo, yalianza kushushwa 1999 na sasa yako kama 4000 duniani. Boya linaelea na mkondo kwenye kina cha mita 1000, kila baada ya siku kama 10 linashuka mpaka 2000 halafu linapanda huku linapima joto na chumvi njia nzima. Linapandaje bila injini ya kulisukuma? Ndani kuna mafuta, pampu inayahamishia kwenye mfuko wa mpira ulio nje, boya linatanuka ila uzito ni uleule, basi linapanda lenyewe! Likifika juu linatuma kwa setilaiti, na ndani ya saa 24 data ziko kwenye intaneti.

Shida ni kwamba data hizo ni mlolongo wa namba tupu, na mwalimu wa jografia mwenye darasa limejaa hana muda wa kuzichambua. Ndo hapo mitandao ya elimu ya bahari, yaani walimu na wanasayansi walioungana kufundisha habari za bahari, inapohitajika. Marekani kuna mpango ambapo darasa linalipatia boya jina na kulifuatilia, na somo linaandaliwa na walimu pamoja na wanasayansi, maana mwanasayansi anajua boya lakini mwalimu ndo anajua mtoto anakwama wapi.

Kwetu wataalamu wapo, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Zanzibar, na WIOMSA inayounganisha watafiti wa nchi za ukanda huu makao yake ni hukohuko. Natamani sana wafike na huku juu. Kompyuta moja yenye bando inatosha, wanafunzi wachore grafu kwenye daftari, waone joto linavyoshuka kutoka nyuzi 28 hivi juu ya maji mpaka kama 3 kule mita 2000, halafu waulize kwa nini.