Balli Kombëtar: wazalendo wa Albania walionaswa na ramani waliyoitaka

Afrika Mashariki jina la Albania likitajwa, wenye umri mkubwa kidogo humkumbuka Enver Hoxha, dikteta wake wa kikomunisti, au lile azimio la Umoja wa Mataifa la tarehe 25 Oktoba 1971 lililoirudishia China ya Mao kiti chake. Albania ilikuwa mstari wa mbele kulipeleka, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliolidhamini. Makala hii inawahusu waliotangulia kushindwa ili Albania ile ya Hoxha ipatikane: Balli Kombëtar, Mstari wa Mbele wa Taifa, chama cha wazalendo wasiotaka ukomunisti wala ufalme.

Kuwaelewa kunahitaji kurudi nyuma hadi 1912, Albania ilipotangaza uhuru mjini Vlora tarehe 28 Novemba. Mataifa makubwa ya Ulaya yalipokaa London mwaka uliofuata kuchora mipaka, Kosovo iliachiwa Serbia, iliyokuja kuwa sehemu ya Yugoslavia, na eneo la Çamëria likaangukia kwa sehemu kubwa upande wa Ugiriki. Waalbania wengi wakajikuta nje ya nchi iliyobeba jina lao. Kidonda hicho hakikupona, nacho ndicho kitakachoamua karibu kila jambo katika hadithi hii.

Italia ya Mussolini iliivamia Albania Ijumaa Kuu ya tarehe 7 Aprili 1939. Mfalme Zog akakimbilia Ugiriki pamoja na mkewe na mtoto wao mchanga aliyezaliwa siku mbili tu kabla. Aliyekimbia namna hiyo hakuacha heshima kubwa nyuma yake, na wazalendo wengi walikuwa wamemchoka hata kabla ya hapo. Wakomunisti ndio waliotangulia kujipanga: walianzisha chama chao Novemba 1941, na Septemba 1942 wakaitisha mkutano wa Peza uliozaa umoja wa ukombozi waliouongoza wenyewe. Balli Kombëtar kilizaliwa mwishoni mwa mwaka huohuo, kwa kiasi kikubwa kama jibu kwa Peza.

Kiongozi wake, Mid'hat Frashëri, hakuwa mtu wa bunduki. Alizaliwa mwaka 1880 katika ukoo uliotukuka kuliko karibu koo zote katika historia ya utaifa wa Albania. Baba yake, Abdyl, aliongoza Jumuiya ya Prizren ya 1878, umoja wa wazalendo wa Albania; amu zake, Naim na Sami, walikuwa waandishi wakubwa. Yeye mwenyewe aliongoza kongamano la Manastir la 1908, lililowakubalisha Waalbania kuandika lugha yao kwa herufi za Kilatini. Baadaye akafungua duka la vitabu Tirana na kukusanya maktaba kubwa. Kwa maoni yangu, hapa ndipo nguvu na udhaifu wa chama chake vilipokutana: kilikuwa na watu wa kuandika ilani nzuri, lakini hakikuwa na kamandi moja ya kutiiwa.

Ilani yenyewe, yenye vipengele kumi, huwashangaza wanaodhani Balli kilikuwa chama cha makabaila watupu. Ilidai Albania huru ya kidemokrasia, yenye mfumo wa jamii usio na mnyonyaji wala mnyonywaji, ambamo anayetaka kulima anapata ardhi. Tatizo ni kwamba miongoni mwa vigogo wa chama walikuwamo wenye mashamba makubwa, wakikaa meza moja na walimu na mawakili. Mkulima wa Vlora au Berat aliweza kuisoma ilani, kisha akamtazama bwana shamba wake amevaa nembo ya chama hichohicho.

Hata hivyo walipigana. Januari 1943, katika kijiji cha Gjorm karibu na Vlora, wapiganaji wa Balli na wa kikomunisti waliwashinda Waitaliano bega kwa bega. Miezi michache baadaye baadhi ya viongozi wa Balli wakafanya mapatano ya chini kwa chini na jeshi la Italia, kila kikosi kikifuata busara ya mkubwa wake.

Nafasi kubwa ya kuungana ilikuja mwanzoni mwa Agosti 1943. Wajumbe wa pande mbili walikutana Mukje, karibu na Kruja, wakafikia mwafaka: wapigane pamoja kwa ajili ya Albania huru, Kosovo ikiwemo. Haikupita muda Hoxha akaukana na kumgeukia mjumbe wake mwenyewe, Ymer Dishnica, akidai kwamba ameuza chama. Wakomunisti wa Yugoslavia, waliowasaidia wenzao wa Albania kuunda chama, hawakutaka kusikia habari ya kuipoteza Kosovo. Abaz Kupi, mfuasi wa mfalme aliyekuwa upande wa umoja wa ukombozi, naye akajitoa na kuunda chama chake, Legaliteti.

Italia ikasalimu amri tarehe 8 Septemba na Wajerumani wakaingia. Hapo ndipo mtego ulipofunga. Tangu 1941 sehemu kubwa ya Kosovo ilikuwa imeunganishwa na Albania, kwa mkono wa Italia baada ya Yugoslavia kuvunjwa. Wajerumani waliiacha hivyo na kuitambua Albania kama nchi huru, angalau kwenye karatasi. Kumpiga Mjerumani kulimaanisha kuibomoa ramani ambayo chama kilikuwa kimeidai tangu siku ya kwanza. Kumwachia kulimaanisha kushirikiana na Hitler. Wengi wa Balli wakachagua la pili. Rexhep Mitrovica, mtu wa Balli kutoka Kosovo, akawa waziri mkuu Novemba 1943, na vikosi vya chama vikaenda pamoja na Wajerumani kuwasaka wakomunisti milimani.

Wapo walioona mapema wanakoelekea. Safet Butka, mwalimu aliyewaongoza wapiganaji wa Balli eneo la Korça, alijiua Septemba 1943 vita ya Waalbania kwa Waalbania ilipoanza.

Utetezi wa kwamba walikuwa wanachagua ubaya mdogo unastahili kusikilizwa, maana hofu yao juu ya Hoxha ilithibitishwa na miaka arobaini na zaidi ya udikteta. Lakini hofu ya kweli haifuti vijiji vilivyochomwa katika operesheni walizoshiriki, na mwanafunzi wa historia hapaswi kukubali moja lifiche jingine.

Wakomunisti waliingia Tirana tarehe 17 Novemba 1944. Frashëri alikuwa amekwisha kuvukia Italia. Waliobaki wakakutana na mahakama, risasi na magereza, na familia zao zikabeba doa hilo kwa vizazi: mtoto wa "balisti", yaani mfuasi wa Balli, alifungiwa chuo na kazi nzuri. Maktaba ya Frashëri ikataifishwa na kuingizwa katika maktaba ya taifa.

Uhamishoni, chini ya ufadhili wa Marekani na Uingereza, Frashëri aliongoza kamati ya Albania Huru iliyoundwa mwaka 1949. Akafariki ghafla New York tarehe 3 Oktoba mwaka huohuo. Wapiganaji waliorudishwa kwa siri nchini miaka iliyofuata wengi walinaswa. Kim Philby, jasusi wa Moscow ndani ya idara ya ujasusi ya Uingereza, alikuwa miongoni mwa waliojua mipango hiyo.

Udikteta ulipoanguka, Balli kilifufuliwa na wazee waliorejea kutoka ughaibuni, Abaz Ermenji akiwa mashuhuri kuliko wote. Uchaguzi wa 1996 uliwapa viti 2 bungeni, kisha migawanyiko ikakidhoofisha. Wapiga kura waliochukia ukomunisti walikuwa wamekwisha kukimbilia Chama cha Demokrasia cha Sali Berisha, ambacho hakikuwa na mzigo wa 1943. Mabaki ya Frashëri yalizikwa Tirana Novemba 2018, serikali ya kisoshalisti ya Edi Rama ikiwa mwenyeji, huku maveterani wa vita ya ukombozi wakipinga.