Je, wajua jinsi ya kutambua mizani ya muziki wa udi kwa kusikiliza tu?

Anayehesabu muziki wa udi wa Kiarabu kwa mara ya kwanza mara nyingi hupiga makofi mahali pasipo pake, kwa sababu anafuata tak badala ya dum.

Dum ni pigo zito la katikati ya ngozi ya dumbaki, ngoma ya mkono, na tak ni pigo kavu la ukingoni. Mizani, ambayo Waarabu huiita ikaa, ni mpangilio wa dum, tak na kimya unaojirudia chini ya wimbo. Tak ni nyingi, ni kali, na ndizo mpigaji anazozipamba, hivyo sikio huzikimbilia. Kinachoitambulisha mizani ni mahali zilipokaa dum. Kwa hiyo usitumie spika ndogo ya simu: haitoi sauti nzito vizuri, na dum zikimezwa utabaki na tak zinazofanana katika mizani tano tofauti. Vaa spika za masikioni.

Kabla ya kuhesabu, jiulize kama kuna cha kuhesabu. Mpiga udi akiwa peke yake, akitua, akirudia sauti moja, kisha akikimbia ghafla na kutua tena, huenda yuko kwenye taksimu, yaani anabuni papo hapo ndani ya makamu (mfumo wa sauti za wimbo) bila mizani. Kulazimisha hesabu hapo ni kujichosha bure. Kuna taksimu inayopigwa juu ya mizani pia, lakini hiyo utaijua: dumbaki au rika, yaani tari ndogo, itakuwa inarudia duru moja, mzunguko mmoja wa mizani, bila kubadilika.

Sasa tuje kwenye jamii ya mizani utakayokutana nayo zaidi, hasa katika muziki wa Misri. Gawa duru katika nafasi 8 zinazolingana, uhesabu kwa sauti moja hadi nane, kisha tazama:

Maksumu: dum, tak, kimya, tak, dum, kimya, tak, kimya
Baladi: dum, dum, kimya, tak, dum, kimya, tak, kimya
Saidi: dum, tak, kimya, dum, dum, kimya, tak, kimya

Zote tatu zina mapigo matano, na yote yamekaa katika nafasi zilezile: 1, 2, 4, 5 na 7. Nafasi ya 1 na ya 5 daima ni dum, ya 7 daima ni tak. Basi sikiliza nafasi mbili tu, ya 2 na ya 4. Zote zikiwa tak, hiyo ni maksumu. Dum ikija nafasi ya 2, umesikia dum mbili mwanzoni mwa duru, nayo ni baladi. Ikija nafasi ya 4, dum mbili zinafuatana katikati, nayo ni saidi, mizani ya Misri ya Juu inayosindikiza pia mchezo wa fimbo wa tahtibu. Anayechanganya saidi na baladi huwa ameshika dum mbili lakini amepoteza mwanzo wa duru. Dawa yake ni kuusikiliza udi au mwimbaji: sentensi ya wimbo ikianza upya, mara nyingi hapo ndipo ilipo nafasi ya 1.

Kinachovuruga watu zaidi ni mapambo. Mpiga dumbaki hodari haachi nafasi ya 3, 6 na 8 wazi. Huzijaza kwa tak ndogondogo za vidole. Usizihesabu. Pigo likitokea duru hii na kukosekana duru ijayo, hilo ni pambo.

Mwendo nao unadanganya. Masmudi kubwa ina mifupa ileile ya baladi, dum mbili mwanzoni na dum nafasi ya 5, ila imetandazwa mara mbili, na ndiyo maana baladi huitwa pia masmudi ndogo. Wahda, kwa upande wake, ina dum moja tu katika duru nzima, na wimbo juu yake husikika kama umeachiwa nafasi ya kupumua.

Mizani fupi zinajengwa juu ya nafasi 1, 4 na 7, yaani mafungu ya 3, 3 na 2. Malfufu ni dum, tak, tak katika nafasi hizo. Ayubu, mizani ya ngoma za zar, za kupunga pepo, za Misri na ya dhikri, ni malfufu iliyoongezwa dum nafasi ya 5. Mizani ya Ghuba, khaliji, ni dum, dum, tak katika nafasi zilezile tatu. Zinapigwa haraka, hivyo kuhesabu hadi nane kutakushinda. Afadhali ugonge meza kwa kiganja kwenye dum peke yake. Udi wa Kuwait na Bahrain una mtego wa ziada. Katika uimbaji unaoitwa sauti, makofi hupishana na vigoma vya mirwasi kwa makusudi. Ukifuata makofi utapotea, kwa hiyo shika udi na mirwasi. Sauti ya Kiarabu huhesabiwa kwa sita, sauti ya Kishami kwa nne.

Halafu kuna samai, aina ya kipande cha ala, ambayo kila mwanafunzi wa udi lazima apambane nayo. Mizani yake, samai thakili, ina nafasi 10: dum ya 1, tak ya 4, dum ya 6 na ya 7, tak ya 8. Anayeihesabu kwa nne nne hubaki na mbili mkononi na kuona kama wimbo umejikwaa. Hesabu mafungu ya 3, 2, 2, 3, ukitamka: moja-mbili-tatu, moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Kipande chenyewe kina khana, yaani sehemu, nne, na baada ya kila khana hurudi kiitikio kinachoitwa taslimu. Katika khana ya nne mizani kwa kawaida huacha kumi na kuingia ya 3 au ya 6, kisha taslimu huirudisha kumi. Badiliko hilo lenyewe ni ushahidi kuwa unasikiliza samai. Pa kuanzia pazuri ni samai ya makamu Bayati ya Ibrahim al-Aryan wa Misri, ambayo husomeshwa sana.

Wasikilizaji wa taarab ya Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya Unguja iliyoanzishwa 1905, wanaijua bashrafu kama kipande cha kufungulia. Nayo ina khana na taslimu, ila duru zake huweza kuwa ndefu mno: mizani iitwayo daur kabiri ina mapigo 28. Hakuna haja ya kufika 28 kwa vidole. Subiri taslimu irudi.

Na udi ukiwa pekee, bila dumbaki? Udi wa kawaida una nyuzi 11, jozi tano na uzi mmoja mnene, na mpigaji mara nyingi huugusa huo mnene mahali pa dum. Tazama pia risha, kijiti cha kupigia nyuzi. Pigo la kushuka ni zito kuliko la kupanda, kwa hiyo hupewa mahali penye uzito. Katika samai, mkono ukishuka na kupanda kwa zamu bila kukatiza, dum ya nafasi ya 6 huangukia pigo la kupanda na kusikika dhaifu. Mpigaji aliyefundishwa vizuri huvunja zamu na kushuka tena mwanzoni mwa kila fungu. Ukiona mkono umeshuka mara mbili mfululizo, hapo kuna fungu jipya, na fungu lililopita lilikuwa la tatu; baada ya fungu la mbili zamu haivunjiki.