Baipasi ya maji kwenye injini za zamani, na kwa nini kutoa themostati hakupoozi injini

Gari la zamani likianza kuchemsha, dawa ya haraka katika gereji nyingi ni ileile: fungua kifuniko cha alumini unapoishia mpira wa juu wa rejeta, toa themostati (vali inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata joto), funga tena. Zipo injini ambazo dawa hiyo huzichemsha zaidi. Sababu yake ni baipasi, kifaa ambacho wengi hukipita bila kukiangalia.

Baipasi ni barabara ya mchepuo ya maji. Injini ikiwa baridi, themostati imefunga njia ya kwenda kwenye rejeta, ilhali pampu tayari inazunguka. Maji yasipokuwa na njia nyingine yatasimama ndani ya silinda hedi, yaani kichwa cha injini. Yale yaliyo karibu na vali za ekzosti yatafika hadi kutoa mvuke, huku yale yanayogusa themostati yakiwa bado vuguvugu. Na themostati haijui kingine zaidi ya maji yanayoigusa. Baipasi huyachukua maji kutoka kwenye hedi na kuyarudisha moja kwa moja kwenye pampu, yazunguke na kupata joto pamoja, ili themostati ifunguke kwa wakati wake.

Ziko za namna mbili, na ni lazima ujue yako ni ipi kabla hujanunua kipuri.

Namna ya kwanza ni tundu dogo lililo wazi muda wote. Mfano wake ni injini ya A-series, iliyoanza kwenye Austin A30 mwaka 1951, ikaingia Morris Minor, kisha Mini. Baipasi yake ni mpira mfupi wa kama sentimita 5, uliobanwa kati ya pampu na upande wa chini wa hedi. Unaungua na joto miaka yote, unakauka, unapasuka kwa chini mahali ambapo jicho halifiki. Mpira ulionyooka hauingii mpaka utoe pampu au hedi. Nunua wenye mikunjo, unaoweza kuubana ufupike, uuchomeke upande mmoja, kisha uuachie uingie upande wa pili. Wapo wanaoziba kabisa matundu yote mawili ili kuepuka usumbufu huo. Hilo linawezekana kwa sharti moja: toboa ukingo wa themostati matundu mawili au matatu ya milimita 3, maji yaendelee kupita kidogo. Ukiziba bila kutoboa, na bomba la hita nalo limefungwa, umeyanyima maji njia yoyote.

Namna ya pili ni hatari zaidi kwa anayekisia. Hapa baipasi ni pana, na themostati yenyewe ndiyo huifunga. Kwenye injini ya XK ya Jaguar, kwa mfano zile za E-type za miaka ya mwanzo, themostati ina bati la duara kama pete pana. Ikipata joto hufungua njia ya rejeta, na pete hiyo husogea ikaziba mlango wa baipasi. Injini nyingine, kama nyingi za Mercedes-Benz, hutumia kisahani chenye springi kwenye ncha ya chini kufanya kazi hiyohiyo. Sasa ondoa themostati hiyo, au weka ya kawaida isiyo na pete kwa kuwa tu kipenyo kimelingana. Baipasi inabaki wazi, na maji hufuata njia nyepesi: sehemu kubwa ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Tunaambiwa mara nyingi kwamba bila themostati maji hupita rejeta kwa kasi hata yakakosa muda wa kupoa. Si hivyo. Mengi hayapiti kabisa.

Kupima namna hii ya pili ni rahisi. Injini ikiwa ya moto na geji ya joto iko juu, bana mpira wa baipasi kwa klampu isiyokata mpira. Geji ikishuka, themostati haifungi baipasi.

Kwenye A-series hasara ya kutoa themostati huja polepole. Injini haifiki joto lake, petroli isiyoungua huchanganyika na oili, utando wa rangi ya maziwa hujitokeza chini ya kifuniko cha oili, na silinda zinalika. Kwa injini hii zinapatikana themostati za nyuzi joto 74, 82 na 88 za Selsiasi. Sehemu zetu za joto, 82 inafaa kwa matumizi ya kila siku. Lakini kumbuka kwamba 74 haiongezi uwezo wa rejeta iliyoziba. Inachelewesha tu tatizo kwa dakika chache.

Hata themostati mpya ipime. Banisha uzi kwenye mdomo wa vali, itundike kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Itakapodondoka kutoka kwenye uzi, soma nyuzi joto kwenye kipimajoto: zikaribiane na namba iliyogongwa kwenye bati. Kwa aliye Nairobi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo ya 88 itaanza kufunguka lakini haitafika mwisho. Usiitupe kwa hilo. Mwinuko huohuo ndio unaofanya mfuniko wa rejeta usioshika presha uwe kosa kubwa huko: bila presha hiyo, kati ya 88 na kuchemka zimebaki nyuzi 6 tu.

Unapofunga, kikombe cha nta (sehemu ya themostati inayohisi joto) na springi vielekee injini, na kipini kinachochezacheza kikae juu ili hewa itoke. Safisha nyuso zote mbili, weka gasketi mpya, kaza nati kidogokidogo kwa zamu, maana alumini iliyopinda haizuii maji. Fungua bomba la hita, jaza taratibu, washa. Mpira wa juu utakaa baridi kwa muda, kisha utapata moto ghafla: hapo themostati imefunguka. Zima, iache injini ipoe kabisa, ndipo ufungue mfuniko na kuongeza maji yaliyopungua.