Anza na Ngata: Kufungasha Vyungu kwa Safari Ndefu

Tuliwahi kupokea kwenye chumba chetu cha uhifadhi, tunakounga vyombo vilivyovunjika, boksi la vyungu vinne vya Wakisi, kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa. Kwa nje boksi lilikuwa zima, halina hata kona iliyobonyea. Ndani, vyungu vitatu vilikuwa salama na cha nne kimegeuka vigae. Nilipovipanga vile vigae mezani, nyufa zote zilianzia mahali pamoja, tumboni, pale kilipogusana na mwenzake. Gazeti lililowekwa kati yao lilikuwa limesagika, jembamba kama ganda la kitunguu. Boksi halikuangushwa. Vyungu viligongana njia nzima, tangu Kyela hadi Dar es Salaam, mpaka kimoja kikashindwa.

Hapo ndipo wauzaji wengi wanapokosea: wanaogopa boksi kuanguka, wanasahau mtikisiko. Vyungu vya Ikombe, kijiji cha Wakisi hao, ambavyo akina mama hufinyanga na kuvivusha kwa mitumbwi hadi soko la Matema, huchomwa kwa moto wa wazi. Joto lake kwa kawaida halifiki nyuzi 1,000, kwa hiyo udongo hubaki na vinyweleo, haushikamani kama kaure. Chungu cha namna hii hustahimili mafiga na maharage ya kutwa nzima. Kisichostahimili ni kugongwagongwa mahali padogo.

Sasa mtazame mama anayejitwisha mtungi. Kabla ya yote anasokota ngata. Ngata inatandaza uzito juu ya kichwa, inameza kishindo cha kila hatua, na inaupa mtungi wenye kitako cha mviringo mahali pa kutulia. Fundi yeyote wa ufungashaji angejivunia kifaa hicho. Chungu kilichowekwa ndani ya boksi bila ngata kinasimama juu ya eneo dogo kama sarafu, na uzito wake wote unakaa hapo. Kwa hiyo nawaomba wafinyanzi na wauzaji: kila chungu kipate ngata yake. Chukua vipande vya kitenge kutoka kwa fundi cherehani, visokote, vifunge duara. Ngata iwe nene kiasi kwamba kitako kinaning'inia katikati bila kugusa sakafu ya boksi.

Kabla ya kufunga, hakikisha chungu kimekauka. Kilichotiwa maji hata mara moja kiache kivulini penye hewa siku kadhaa, kwa sababu udongo wenye unyevu ni dhaifu, na ukiufungia ndani ya nailoni unaota ukungu. Kisha kigonge taratibu kwa kifundo cha kidole. Kizima kinaitikia kwa mlio ulionyooka. Chenye ufa mlio wake unakwaruza na kukatika, hata kama ufa wenyewe huuoni. Hicho usikisafirishe.

Tanguliza karatasi nyeupe, maana wino wa gazeti huingia kwenye udongo usiopakwa rangi na hautoki. Nailoni ya mapovu ije juu yake. Chombo chenye masikio, ziba kwanza uwazi kati ya sikio na shingo kwa karatasi laini, kwa sababu sikio ndilo huondoka mapema. Ndani ya tumbo jaza kwa wepesi tu. Nimeona watu wakishindilia matambara hadi chungu kinapasuka kwa kusukumwa kutoka ndani.

Kuhusu vijazio, nina neno juu ya vumbi la mbao na pumba za mpunga. Ni rahisi kupatikana, lakini gari likitikisika hushuka chini. Boksi lililojaa Mbeya linafika na uwazi wa vidole vinne juu, na chungu kinacheza humo. Afadhali maranda yaliyojikunja, karatasi zilizofinyangwa, au trei za mayai zilizokatwa vipande: hivi vinarudi vikibonyezwa. Kati ya chungu na chungu simamisha ukuta wa kadibodi. Chombo cha thamani kiwekwe kwenye boksi dogo, nalo liingie kwenye boksi kubwa, pakiwa na sentimita 5 za kijazio kila upande. Ukimaliza, tikisa. Ukisikia chochote kinasogea, fungua uanze upya. Usipitishe kilo 15 kwa boksi moja, mpagazi aweze kulishusha kwenye buti la basi bila kulitupa.

Ujuzi huu ni wa kale. Mwaka 1998 iligunduliwa karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, meli iliyozama karne ya 9 ikiwa na maelfu ya bakuli kutoka Changsha, China. Nyingi zilipangwa kwa mzunguko, zimebanana ndani ya mitungi mikubwa. Zilikaa baharini zaidi ya miaka 1,000, na nyingi zilitolewa nzima. Vigae vya Changsha vimefukuliwa pia Unguja Ukuu, kwa hiyo vyombo vya aina hiyo vilifika hata huku kwetu.

Mzigo unaokwenda nje ya nchi usiutie nyasi wala majani ya migomba. Nchi nyingi huvizuia kwa hofu ya wadudu. Kreti ya mbao nayo lazima iwe na muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia, unaothibitisha kwamba mbao zimetibiwa, kwa mfano kwa joto la nyuzi 56 hadi kwenye kiini kwa dakika 30.

Ndani ya boksi weka karatasi ya maelekezo kwa mpokeaji. Mwambie akate utepe bila kuzamisha kisu, atoe vijazio kwanza, kisha ainue chungu kwa mikono miwili kutoka chini, kamwe si kwa masikio. Kikiwa kimevunjika, apige picha kabla ya kugusa chochote, akusanye vigae vyote hadi vile vidogo kama punje ya mchele, na asivipake supaglu. Gundi hiyo hunywewa na udongo, na sisi tunaokuja kukiunga baadaye tunatumia siku nyingi kuing'oa.